Mhunzi Asiyelazimika

Ndugu zetu wengi waliohamia Marekani wamekwisha kuliona jambo hili, kama si kwa jirani basi kwa mfanyakazi mwenzao. Mtu ana kazi yake ya ofisini, ana mshahara mzuri, nyumba na gari, lakini ikifika Jumamosi anavaa aproni ya ngozi, anawasha moto nyuma ya nyumba na kugonga chuma mpaka jua linazama. Anachokifua hakiuzi. Ukimwuliza sababu, atakwambia anajifurahisha. Sisi tuliolelewa kwa maneno ya "soma mwanangu, usije ukaishia kugonga vyuma juani" hatuna budi kushangaa. Je, ni haki mtu kulifanya jasho la mwenzake kuwa mchezo wake?

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana si wa kitoto. Wengi huanza na dramu ya breki ya lori, iliyonunuliwa kwa wauza vyuma chakavu. Chini yake huungwa bomba la chuma, na upepo huingizwa kwa mashine ya kukaushia nywele. Huo ndio mvukuto wao! Ndani hutiwa makaa. Fuawe halisi ni ghali, basi kipande cha reli hufungwa juu ya gogo zito, kimo chake kikilingana na ngumi za mfuaji akisimama mikono ikining'inia. Nyundo ya kilo 1 inatosha. Anayeanza na nyundo kubwa huumia kiwiko kabla hajajifunza lolote. Bomba lisiwe lililopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, joto ambalo tanuri hulifikia bila taabu, na moshi wake humtia mtu homa na kumbana kifua. Wala moto usiwashwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwani hewa ya mkaa huua bila kutoa harufu. Hilo halihitaji maelezo marefu kwa watu waliotoka kwetu, ambako kila msimu wa baridi husikika habari za waliolala na jiko chumbani wasiamke.

Baada ya hapo mwalimu ni chuma chenyewe. Kipande cha unene wa kidole kikitoka motoni na rangi ya chungwa huifuata nyundo kama udongo. Muda mfupi tu, kimekuwa chekundu cha giza, na anayeendelea kugonga anajichosha bure. Kikiachwa motoni mpaka kikawa cheupe na kurusha cheche, kimeungua, na hakuna dawa. Springi za gari zina kaboni nyingi kuliko chuma cha kawaida, na ndiyo sababu mafundi wetu huzipenda kwa mapanga na majembe. Zikipashwa mpaka sumaku isizishike, kisha zikachovywa kwenye mafuta, huwa ngumu mno, na huvunjika kama kioo zisipopashwa tena kwa joto la chini, la kuokea mkate. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huanza na kulabu ya kutundikia koti. Hata hiyo ya kwanza inaweza kummalizia asubuhi nzima.

Sasa turudi kwenye swali. Hoja ya wanaopinga ina nguvu. Mtu wa Jumamosi akichoka huzima moto akaenda kuoga. Fundi wa Kamukunji, Nairobi, anayegonga mabati ya mapipa mpaka yakawa karai na masanduku, hazimi, kwa kuwa karo ya watoto haimsubiri. Wa kwanza, husema wapinzani hao, amechukua ladha ya kazi na kuiacha njaa yake.

Ni kweli, ila tunaona lawama imeelekezwa pasipo pake. Wasomaji wetu Waislamu wanaijua habari ya Nabii Daud, aliyelainishiwa chuma akatengeneza deraya. Alikuwa mfalme, hakulazimika, na bado akasifiwa kwa kula kazi ya mkono wake. Kutolazimika hakukuichafua kazi ile. Hapa Marekani pia viwanda na magari vilipoua riziki ya wahunzi, ufundi uliokolewa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na kazi nyingine. Kitabu cha Alex Bealer kuhusu uhunzi kilitoka mwaka 1969, na chama chao, ABANA, kikaundwa mwaka 1973. Mchezo ulihifadhi kile ambacho soko lilikwisha kukitupa.

Dharau, kwa maoni yetu, huanzia kwa yule asiyeishika nyundo kabisa. Kwa Wamaasai wa zamani, morani hakuweza kwenda popote bila mkuki, na mkuki ulifuliwa na mhunzi. Lakini mhunzi huyo haozeshwi binti yao, na chombo kikitoka mkononi mwake, mpokeaji alijipaka mafuta kwanza ili asipate najisi. Kumbe kwa jirani zao wa Ugweno, huko Upare ya Kaskazini, masimulizi yanasema ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliotawala kabla ya Wasuya. Chuma ni kile kile na moto ni ule ule. Heshima iliamuliwa na waliokaa pembeni.

Nasi tulio ughaibuni tumo katika hao wa pembeni. Kulabu ya jirani tunaipiga picha na kuiita sanaa. Tukienda likizo, karai iliyofuliwa kwa mkono tunaiombea punguzo mara tatu, na punguzo lenyewe halifiki bei ya kikombe cha kahawa cha uwanja wa ndege. Jambo hilo linatuudhi zaidi kuliko tanuri lolote la dramu ya breki.

Tumewasikia wazazi wakinung'unika kwamba kijana wao wa miaka 16 anataka kujenga tanuri uani, naye alipaswa kuwa daktari. Ajenge, mradi baba awepo, miwani ya kukinga macho ivaliwe na ndoo ya maji iwe karibu. Afue kulabu zake kumi. Kisha Desemba wakienda nyumbani apelekwe Kamukunji, aachwe na fundi hata nusu siku, na karai la nyanya yake alinunue yeye. Mama akae mbali wakati wa kutaja bei.