Mshale na Tarakimu

Mwezi huu twataka kuwauliza swali lililotujia kwa njia ya mchezo, walakini lenyewe si la mchezo. Nalo ni hili: mtu atakapo kuijua hali yake, yampasa kutazama nini? Atazame hesabu ya mahali aliposimama sasa, au autazame mwendo wake, atokako na aelekeako?

Swali lilianza hivi. Yuko kijana mmoja hapa Lushoto, fundi wa redio na simu, mwenye kompyuta nyumbani kwao. Kazi za mchana zikiisha, huketi mbele ya kioo cha kompyuta na kucheza mchezo wa kuigiza urubani. Mchezo wa namna hii kampuni ya Microsoft ilianza kuuuza mwaka 1982, na toleo lake la mwaka 2020 lilijengwa kwa picha zilizopigwa kutoka juu angani, hata dunia nzima imo ndani yake. Basi kijana huyu huondoka katika kiwanja cha ndege cha Tanga, hufuata reli hata Korogwe na Mombo, kisha huinua ndege yake juu ya milima yetu ya Usambara, naye hajaondoka kitini pake.

Jioni moja tulikwenda kumtazama, sisi walimu wawili. Alitupokea kwa adabu, "Shikamooni, walimu," nasi tukamwitikia, kisha akatuonyesha jambo ambalo rafiki zake humcheka kwalo. Mchezo humpa hiari ya kuchagua ndege ya namna mbili. Ya kwanza ina vipimo vya kale, saa sita za mviringo zenye mishale: moja ya mwendo wa ndege, moja ya kuinuka na kulala kwake, moja ya kimo, moja ya kugeuka, moja ya uelekeo, na moja ya kupanda na kushuka. Namna ya pili haina saa hizo. Mahali pake pana vioo vikubwa viking'aavyo, na mwendo na kimo huandikwa humo kwa tarakimu, pamoja na ramani na mambo mengi mengine. Ndege nyingi za siku hizi zina vioo hivyo. Lakini kijana wetu huchagua mishale kila siku, na rafiki zake humwambia kwamba ana macho ya babu yake.

Tukamwuliza sababu. Akafikiri kidogo, akasema, "Walimu, tarakimu inanibidi niisome. Mshale nauona tu."

Tulicheka, tukaondoka. Lakini njiani hatukuweza kuliacha neno lile, na kadiri tulivyolipima ndivyo tulivyoona kwamba ni kweli.

Twaaneni saa ya mkononi. Sisi tusemao Kiswahili twahesabu saa tangu jua lichomozapo, na saa za madukani zimetengenezwa kwa hesabu ya Wazungu. Hata hivyo wazee wetu hawakupata taabu. Walivaa saa ile ile, na mshale mfupi ulipoelekea 7 walitazama upande wa pili wa uso wa saa, wakaona 1, wakasema, "Saa moja asubuhi." Ulipoelekea 9, ng'ambo yake ni 3, nayo ni saa tatu. Hapakuwa na haja ya kutoa wala kujumlisha, maana duara lote lilikuwa mbele yao. Lakini simu ikiandika 15:00, mtu hana budi kutoa sita ndipo apate saa tisa. Tena mshale humwonyesha jambo la pili bila kuulizwa: muda uliopita na muda uliosalia. Mwalimu mwenye kipindi cha hesabu hutupa jicho ukutani mara moja tu, akajua kwamba robo imebaki.

Au mtazameni dereva wa gari la abiria litokalo Mombo kwenda Lushoto kwa njia ya Soni. Mombo ni chini katika joto la bondeni, na Lushoto iko juu, kama meta 1,400 kutoka usawa wa bahari. Njia hupanda kwa kona kali, mlima upande mmoja na genge upande wa pili, na injini hubeba mzigo mzito. Dereva mwangalifu huutupia jicho mshale wa joto. Akiuona waanza kupanda polepole, hupunguza mwendo, au husimama mahali pa salama, injini ikapoa. Lakini gari lisilo na mshale, lenye taa nyekundu tu, halimwambii neno hata maji yachemke. Taa husema kweli, ila huisema wakati ambapo kweli haimsaidii sana. Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mshale ni wingu, na taa ni mvua yenyewe.

Hata hapa tulidhani kwamba tumekwisha kupata jawabu. Lakini haifai kuhukumu kwa kusikia upande mmoja, basi na tuusikilize na upande wa pili.

Kwanza, mshale nao hudanganya. Vipimo vya kimo vya kale vilikuwa na mishale mitatu juu ya uso mmoja: mmoja wa futi mamia, mmoja wa maelfu, na mmoja wa makumi elfu. Tarehe 24 Desemba 1958, ndege ya namna ya Britannia ilianguka karibu na mji wa Christchurch huko Uingereza, wakafa watu tisa kati ya kumi na wawili waliokuwamo. Warubani waliusoma vibaya uso ule wa mishale mitatu, wakadhani wako juu zaidi kwa futi 10,000 kuliko kimo chao cha kweli. Tarakimu zilizoandikwa wazi zingewaambia. Kadhalika mwuguzi apimaye dawa ya mtoto, na mtunza fedha wa usharika ahesabuye sadaka, hawawezi kusema, "Ni karibu hapa." Penye haja ya kiasi kamili, tarakimu ndiyo mwaminifu.

Pili, vioo si adui. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake mwezi wa Machi mwaka 2010 juu ya ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2006, nyingine za mishale na nyingine za vioo. Ilionekana kwamba zile za vioo zilipatwa na ajali chache zaidi kwa jumla, walakini ajali zenye kuua zilikuwa nyingi zaidi kwao. Mtu asikimbilie kusema kwamba vioo viliwaua watu. Ndege hizo zilitumika zaidi kwa safari ndefu na kwa kuruka mawinguni, na bodi ilisisitiza kwamba warubani wafundishwe vizuri zaidi vyombo vile vipya. Basi chombo kizuri mikononi mwa mtu asiyekielewa hakikumpa usalama uliotazamiwa.

Tatu, mwenzetu mmoja alitupinga kwa neno gumu kuliko yote. Alisema, "Katika ndege ya kweli, kipimo cha kimo cha kale kina kikopo chembamba kilichozibwa. Ndege ikipanda, hewa ya nje hupungua nguvu, kikopo hufura, na kufura kwake huuzungusha mshale. Hapo hewa yenyewe ndiyo isukumayo. Lakini mshale wa kijana yule ni picha tu. Kompyuta hujua tarakimu kwanza, kisha humchorea mshale. Basi apenda kivuli cha kitu, tena katika mchezo ambao mtu akianguka huinuka, akanywa chai."

Neno hili lilitunyamazisha siku kadhaa, kwa kuwa ni kweli. Tena twakiri kwamba labda kijana huipenda mishale kwa sababu ni ya zamani tu, na hiyo si sababu. Wako wasemao ya kale ni dhahabu, na wako wakimbiliao kila kipya. Nao wahenga wamewaonya hawa wa pili kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini umri wa kitu hautuambii kama kitu ni chema.

Walakini baadaye tuliona kwamba, ingawa mshale ni picha, jicho lake si picha. Mazoea ayapatayo hapo kitini huondoka naye, akatoka nayo nje. Aliyejizoeza kutazama kitu kinaelekea wapi, kabla hakijafika, atatazama hivyo hata dukani na nyumbani mwake. Na wenye kutengeneza vioo wamelijua jambo hili, maana kando ya tarakimu ya mwendo wamechora mstari mdogo umwonyeshao rubani mwendo utakuwa kiasi gani baada ya nukta chache. Wamekiri kwamba tarakimu peke yake haitoshi. Basi hoja si chuma wala kioo. Hoja ni kama chombo kinamwonyesha mtu mabadiliko, na kama mtu mwenyewe anayatazama.

Hapa ndipo swali lilipotugeukia sisi wenyewe, nasi hatukufurahi.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na binti mmoja darasani. Katika mtihani wa kwanza alipata 82. Katika wa pili 74. Katika wa tatu 66. Katika wa nne 59. Kila mara tuliandika neno moja, "Amefaulu," na kila mara lilikuwa neno la kweli. Muhula uliofuata hakuja shuleni. Tulipouliza tuliambiwa kwamba mama yake amekuwa mgonjwa muda mrefu, na mtoto yule alikuwa akiamka usiku kuteka maji, kumkatia ng'ombe majani, na kuwapikia wadogo zake, ndipo aje kwetu na usingizi machoni. Tarakimu nne zilikuwa katika kitabu chetu, kwa mwandiko wetu wenyewe. Kama tungaliziunganisha kwa mstari mmoja, hata kipofu angalijua kwamba mshale unashuka. Lakini tuliisoma kila moja peke yake, tukaridhika, kwa kuwa taa nyekundu haijawaka. Binti alirudi baada ya mwaka mzima, akakaa darasa moja na mdogo wake.

Kinyume chake yuko mtoto aliyepata 38 naye alitoka 15. Huyo tulimwandikia, "Ameshindwa," mbele ya wenzake. Naye alikuwa akipanda mlima kwa nguvu kuliko wote darasani.

Basi ndugu, twasema hivi. Tarakimu ni kwa kutaja, na mshale ni kwa kulinda. Mtu mwenye kutaja tu aweza kuwa mkweli kila siku na bado akamwacha mwenzake aanguke. Upendo hautosheki kujua mtu yuko wapi leo. Wauliza aelekea wapi.

Na hivi ndivyo ilivyo katika mambo ya roho. Katika Maandiko twawasoma wafalme wawili. Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa, akalia mbele ya Bwana, naye akapewa ishara ya kivuli kwenye madaraja ya Ahazi, kivuli kikarudi nyuma madaraja kumi. Kivuli kile kilikuwa mshale wa siku hizo, nacho kilimwambia kwamba mwendo wake umegeuzwa na ya kuwa bado ana siku za kuishi. Lakini mfalme Belshaza alikunywa na wakuu wake, hakutazama mwendo wake wala hakujifunza kwa yaliyompata Nebukadreza, hata alipoandikiwa ukutani kwamba amehesabiwa na kupimwa. Hesabu ile ilikuwa sahihi kabisa. Naye akauawa usiku ule ule.

Mlevi hakuanza na mtungi, na mwenye deni hakuanza na shamba kuuzwa. Mume na mke wasiosemezana leo walianza kwa siku moja ya kununiana, ikafuata ya pili. Kila siku kwa peke yake ilikuwa ndogo, na kila mmoja wao angaliweza kusema, "Mimi si mbaya." Atakaye kujilinda asiulize kama amekwisha kuwa mbaya. Aulize kama mwaka huu yuko karibu zaidi na Mungu na jirani yake kuliko mwaka jana, au mbali zaidi.

Sisi shuleni kwetu tumeanza jambo dogo. Mwisho wa kila mtihani, kando ya tarakimu ya mtoto twachora alama ya mshale: wapanda, washuka, au umelala. Kazi hii hula dakika chache tu. Na kila mshale ushukao, mmoja wetu huenda nyumbani kwa mtoto yule, akabisha hodi, akauliza hali. Mara nyingi si kitu. Lakini mara mbili mwaka huu tumekuta ugonjwa ambao hakuna aliyetuambia.

Na kijana wetu fundi, tulimrudia tukamweleza hayo. Alituamkia, akatukaribisha viti, kisha akatuomba tungoje kidogo, maana alikuwa juu ya Magamba katika ukungu, na mshale wake wa kimo ulikuwa umeanza kushuka.