Majina Baada ya Siku 42

Nchini Uganda, Hospitali ya Mulago haiko mbali na makao ya Wizara ya Afya kwenye barabara ya Lourdel, na katikati yao ipo Wandegeya na wachoma kuku wake, wanafunzi wa Makerere na bodaboda wasiolala. Tarehe 30 Januari 2025 wizara ilitangaza kwamba muuguzi wa Mulago amefariki kwa Ebola ya aina ya Sudan. Kuanzia hapo wakaanza kutafutwa watu waliokuwa karibu naye.

Mfuatiliaji akibisha hodi huuliza mambo ambayo jirani hathubutu kuyauliza. Unaitwa nani, simu yako ni namba ngapi, umelala nyumba gani, nani aliosha maiti? Aliyekutwa karibu na mgonjwa hupimwa joto kwa siku 21, na habari zake huingizwa kwenye kompyuta. Anayeulizwa hajibu kwa hiari kamili, kwani anaogopa kufa na anaogopa kuua. Swali gumu ni hili: kilichotolewa katika hali hiyo ni cha nani, na kwa muda gani?

Mafakihi wa Kiislamu walilitafakari zamani. Wana kanuni kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na nyingine inayoifunga hiyo ya kwanza: ruhusa haivuki kipimo cha dharura yenyewe. Majalla, sheria ya kiraia ya dola ya Uthmaniya ya karne ya 19, imeziweka kanuni hizo mbili karibu karibu, kifungu cha 21 na cha 22. Aliyekaribia kufa kwa njaa anaruhusiwa mzoga, lakini akipata chakula halali ruhusa imekwisha.

Programu za kompyuta hazijui kukoma namna hiyo.

Uganda hukusanya takwimu za afya kwa DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2021 watengenezaji wake walitangaza mianya katika sehemu inayofuatilia mtu mmoja mmoja. Mtu mwenye akaunti angeweza kupenyeza amri pale seva ilipotarajia maneno ya kawaida ya utafutaji, na hifadhidata ikaitii. Marekebisho yalitolewa, ila kila nchi ililazimika kuyaweka kwenye seva zake yenyewe. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi iliyobuniwa Kenya katika machafuko ya baada ya uchaguzi na kutumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, nayo ilikutwa na mianya mwaka 2012. Mmojawapo ulimwezesha mtu wa mbali kuona barua pepe ya aliyetoa maoni. Fikiria aliyeandika kuhusu vurugu za mtaa wake, akidhani anasema na waokoaji tu.

Haifai kumhukumu mwandishi wa programu kwa kukosea mstari mmoja, hasa aliyeandika usiku huku watu wakifa. Kosa la mkono wa binadamu husameheka. Lawama inaanza pale mwanya unapojulikana, marekebisho yapo, na seva inaachwa hivyo hivyo miezi na miezi. Inazidi pale majina yanapobaki ndani ya seva hiyo bila kazi, maana kilichokwisha kufutwa hakuna mdukuzi wa kukiiba.

Kila Mwislamu wa Wandegeya anaijua habari ya Hijra ya mwaka 622. Mtume alipoondoka Makka alimwacha Ali nyuma ili awarudishie watu amana zao, wakiwemo waliompiga vita. Padri wa kanisa la Mtakatifu Augustino pale Makerere naye hufungwa na siri ya kitubio, wala hakuna daftari linaloandikwa humo. Dini zote mbili zimefikiria namna ya kuwajibika kwa kilichokabidhiwa. Serikali pia: sheria ya Uganda ya kulinda data, ya mwaka 2019, inakataza kushika habari za mtu kupita haja iliyofanya zichukuliwe.

Madaktari watajibu, na wana haki, kwamba kirusi cha Ebola hukaa miezi mingi katika shahawa za aliyepona, hivyo waliopona lazima wafuatiliwe. Wafuatiliwe, lakini na wachache wenye kazi hiyo, jina likitengwa na takwimu. Maelfu ya waliomaliza siku 21 bila homa wana dharura gani tena?

Ebola yenyewe ina hesabu ya mwisho. Zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya baada ya wa mwisho, mlipuko hutangazwa umekwisha, kama Uganda ilivyofanya tarehe 11 Januari 2023 na tena tarehe 26 Aprili 2025. Katika sherehe ya namna hiyo hutajwa waliopona na waliokufa, na wahudumu hushukuriwa. Waziri anapaswa kuongeza taarifa moja: majina mangapi yamefutwa, mangapi yamebaki, yako kwenye seva ipi, na nani anayeshika funguo zake.