Jina la Kiumbe Duni

Ipo kazi ambayo watu wengi wakiisikia hucheka. Ni kazi ya mtu aketiye siku nzima mbele ya hadubini, akimchungua mnyoo bapa aliyetolewa katika ngozi au matamvua ya samaki wa mtoni, ili aamue kama mnyoo huyo ana jina tayari au bado. Mwenye kucheka huuliza: Ulimwengu una wagonjwa wasio na dawa na watoto wasio na chakula, je, ni haki mtu mwenye akili kuitumia akili yake kumpa jina kimelea asiyetakiwa na yeyote? Swali hili si la kipuuzi, nasi hatuna budi kulijibu.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Minyoo wa jamii ya Gyrodactylus wana urefu wa nusu milimita hivi. Hushika ngozi ya samaki kwa kulabu mbili kubwa na nyingine ndogo 16. Aina moja hufanana na nyingine kama punje mbili za mtama, na mara nyingi tofauti yao ni mpindo tu wa kulabu hizo ndogo. Mtaalamu huzipima, huzichora, huzilinganisha na michoro ya waliomtangulia, na siku hizi hulinganisha pia chembe za urithi. Akiridhika kwamba ameona kitu kipya, hutoa jina, na mnyoo aliyechaguliwa kuwa kielelezo huwekwa katika makumbusho, ili mwenye shaka aende akamtazame.

Mwaka 1957 mtaalamu wa Uswidi, Göran Malmberg, alimpa mnyoo mmoja wa samaki aitwaye samoni jina la Gyrodactylus salaris. Samoni wa mito iingiayo Bahari ya Baltiki walimchukua mnyoo huyo bila madhara makubwa. Lakini katika miaka ya 1970 aliingia Norwe pamoja na samaki wachanga walioletwa kutoka Uswidi, na samoni wa huko hawakuwa na kinga. Mnyoo huyu huzaa mtoto aliye hai, naye mtoto huzaliwa akiwa tayari na mimba. Hivyo mmoja huweza kuanzisha umati. Samaki wachanga wakafa mto baada ya mto, hata mito ipatayo 50 ikaambukizwa. Watu walilazimika kumimina sumu katika mito mizima, wakaua samaki wagonjwa na wazima pamoja, ili mnyoo akose pa kushika. Bila jina lile la 1957, nani angemtambua adui kati ya minyoo wengi wafananao, au kujua ametoka upande gani? Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hata hivyo, nisimdanganye msomaji. Kisa hiki hakitoshi kuwa jibu, kwa maana majina mengi ya minyoo hayatamwokoa samaki yeyote. Mimi naona wema wa kazi hii uko katika uaminifu. Atoaye jina ni shahidi. Husema, "Hiki nimekiona, nacho si kile kingine." Wamkaguao ni wachache, na tamaa ya kuitwa mvumbuzi ni kubwa, ni rahisi kukiita kipya kilicho kikuukuu, kwa uvivu wa kufungua vitabu vya wengine. Ashuhudiaye uongo juu ya mnyoo leo humpoteza mtu ambaye hajazaliwa, atakayeutegemea ushahidi huo kesho.

Kunyamaza nako kuna gharama. Katika Ziwa Victoria, sangara, ambaye wengine humwita mbuta, aliingizwa kuanzia miaka ya 1950, na baadaye aina nyingi za furu zilitoweka. Kama furu hao walikuwa na minyoo wasioishi penginepo, basi nao walikwenda bila mtu kujua kwamba waliwahi kuwako. Labda hatukupoteza chakula. Tulipoteza ukweli usioweza kurudishwa.

Wagonjwa na wenye njaa wanahitaji msaada, wala simzuii mtu kuwaendea. Lakini tabibu naye husimama juu ya ushahidi wa watu wengi waliofanya kazi ndogo kwa haki. Basi mwanafunzi, siku utakapopewa kazi ambayo hakuna atakayeikagua, ifanye kama shahidi aliyeapishwa.