Mwajiri wa Kitale, Andika Leo!

Nakuita wewe mwenye shamba la mahindi Endebess! Wewe mwenye duka la mbao mjini Kitale! Wewe mwenye hoteli kule Bungoma! Unajua ninalotaka kukuambia. Umelijua siku nyingi, na siku zote umesema kesho.

Yule unayemwita kibarua si kibarua!

Sheria ya Ajira ya 2007 haikuficha kitu: kibarua ni mtu wa kutwa, anayechukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 na kulipwa siku iishapo. Wako alipanda, akapalilia, akavuna, na msimu uliofuata akaanza tena. Mpaka mbwa wako wanamjua! Soma kifungu cha 37. Akishafanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja, au ukimpa kazi isiyotazamiwa kwisha chini ya miezi mitatu, huyo ni mtu wa mshahara wa mwezi, na humwachishi bila notisi ya siku 28.

Usiniambie unamwachisha Ijumaa na kumwita Jumatatu. Ujanja huo ni mkongwe kuliko trekta lako.

Usiniambie hamkuandikiana. Ole wako hapo! Kesi ikifika nawe huna karatasi, ni wewe utakayebeba mzigo wa kuthibitisha mlipatana nini, si yeye. Ulidhani kutoandika kunakukinga, kumbe kunakuvua nguo hadharani!

Wala usijifariji kwamba Nairobi ni mbali. Mahakama ya Ajira inaketi Bungoma. Nauli ya matatu anayo, hasira anayo, na miaka mitatu ya kukushtaki anayo!

Tena kwa makato ya mshahara mlikuwa hodari wa kusubiri. Sheria ya 2013 ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, mliisubiri ife, Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikaihuisha. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilipoiangusha tozo ya nyumba mlishangilia, Machi 2024 ikarudi na sheria yake yenyewe. Julai 2024 sheria za bima mpya ya afya zilipobatilishwa mlishangilia tena, Oktoba makato yakaanza. Mtashangilia mpaka lini?

Basi toa! Asilimia 6 yako na asilimia 6 yake kwa NSSF. Asilimia 1.5 yako na 1.5 yake kwa nyumba. Asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa afya. Ukichelewesha ya nyumba, kila mwezi inazaa faini ya asilimia 3. Ni pesa nyingi, sikatai, na bei ya mahindi tunaijua. Lakini deni hili halijali bei ya gunia!

Na wewe unayekata usipeleke, wewe ndiwe ninayekuogopea zaidi. Umechukua kwa mkono wako. Umeweka mfukoni mwako. Mama yule amefika hospitalini na mtoto, anaambiwa hajalipiwa! Utamtazama vipi kesho asubuhi akikuletea chai?

Tazameni Nzoia! Kiwanda cha sukari kilikodishwa 2025, na wafanyakazi wakaendelea kudai mishahara yao ya nyuma. Mitambo hubadili mkono, jasho lina mwenyewe.

Mwingine anafukuza mtu kwa simu. Acha! Hata kama ameiba mbegu, mwite. Mweleze kosa kwa lugha anayoielewa. Mwache aje na mwenzake wa kazini aliyemchagua mwenyewe, kisha msikilize. Kifungu cha 41 kinataka hivyo, na ukikipuuza mahakama inaweza kukutoza mshahara wa hadi miezi 12. Miezi kumi na miwili, kwa hasira ya dakika moja!

Geuka sasa, kabla ya palizi, kabla ya mavuno, kabla ya barua ya wakili! Mwite yule mtu usiku huu. Ketini. Andika jina lake, kazi yake, mshahara wake.

Na tarehe aliyoanza kazi uandike ile ya kweli, si ya leo!