Mzazi Anapohama na Mtoto

Mzazi aliyekabidhiwa mtoto baada ya talaka hubaki na miguu yake. Anaweza kufuata kazi, kurudi kwao au kuanza maisha mji mwingine. Mtoto hana uhuru huo, huenda anakopelekwa. Je, haki ya kumlea mtoto ni pamoja na haki ya kumhamisha, hata kama mzazi wa pili ataachwa mbali?

Kwa desturi ya Waha wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania, kama ilivyo kwa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, mtoto huhesabiwa kwa baba, na mahari ndiyo inayothibitisha uhusiano huo. Mama aliyeachika hurudi kwao, labda na mtoto anayenyonya, na mtoto akishakua hudaiwa na upande wa baba. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 kwa jamii za namna hiyo ilikuwa na msimamo wa jinsi hiyo hiyo. Kwa fikra hizi mtoto ana mahali pake hata kabla hajazaliwa, na mama akihama naye anakuwa amemtoa pale.

Vitabu vya Kishafii, madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hutenganisha safari na kuhama. Mzazi akisafiri kwa haja na kurudi, mtoto hubaki na yule asiyesafiri. Mmoja akihama moja kwa moja, baba ndiye mwenye haki zaidi, awe yeye anayehama au anayebaki, ili nasaba isipotee, mradi njia na huko waendako pawe na amani. Wahanafi humruhusu mama kurudi na mtoto mji wa kwao, ikiwa ndoa ilifungwa huko. Wakristo nao hupenda kutaja hukumu ya Sulemani, ingawa haiwafai sana hapa: mbele ya Sulemani mmoja wa wanawake wawili waliogombea mtoto alikuwa mwongo, ilhali katika talaka wazazi wote wawili ni wa kweli.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliigeuza hoja. Katika kifungu cha 125, ustawi wa mtoto unatangulia. Matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto anayeweza kuyatoa na mila za jamii ni mambo ya kuzingatiwa tu. Mtoto wa chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na mahakama hutakiwa kukumbuka ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumbadilishia mlezi. Mahakama inaweza pia kuweka masharti kuhusu makazi yake, au kumkataza mlezi kumtoa nje ya Tanzania. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaongeza haki ya mtoto kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye.

Mpaka wa nchi, hata hivyo, ni kipimo kibovu cha umbali. Chukua mfano wa mtoto wa Muyama, katika nchi ya Waha. Muyama ipo Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na Manyovu, mpakani mwa Burundi, ipo wilaya hiyo hiyo. Mtoto akivushwa pale atakuta watu ambao Kirundi chao na Kiha chake vinasikilizana, na baba anaweza kumfikia upesi. Akipelekwa Tanga hajatoka nchini, lakini nauli peke yake inatosha kumkosesha baba. Anayemlinda mtoto apime nauli, lugha na shule kabla ya kupima mpaka.

Tanga ina somo jingine. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Buha, yaani nchi ya Waha, walikwenda huko kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wakawaacha wake na watoto kwa muda mrefu, na wengine hawakurudi. Kuondoka kwao kuliitwa kutafuta riziki. Mwanamke anayeondoka na watoto kwa sababu hiyo hiyo huulizwa kwa idhini ya nani. Kwa mtoto, hasara ni ile ile, yaani mzazi mmoja kuwa mbali. Tofauti ni kwamba anayehama na mtoto huhojiwa, na anayemwacha hahojiwi.

Mahakama inaweza kumzuia mama wa Muyama kuvuka Manyovu na mwanawe. Baba aliyehamia Dar es Salaam inaweza kumwamuru atoe matunzo, si kumwamuru arudi.