Kipimo cha Mzinga

Kuunda mfano mdogo wa kitu kikubwa ni kazi ya akili na subira. Vijana wa Bahati waijua kazi hiyo: kando ya Menengai, waya na makopo matupu hugeuka malori, na udongo hugeuka matrekta. Hakuna awalaumuye. Lakini kijana akiacha lori akaunda mzinga wa vita, swali huzuka: je, ni halali kukifanya chombo cha mauti kuwa mchezo?

Tutwae mfano wa kweli. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulikuwako mzinga uliojiendesha juu ya minyororo ya chuma, jina lake Sexton. Uliundwa Montreal, Kanada, tangu mwaka 1943 hata 1945, na idadi yake ilipata 2,150. Kombora lake lilikuwa la ratili 25, nalo liliweza kuanguka mbali zaidi ya maili 7. Kwa kipimo cha 1 kwa 35, ambacho waundaji wengi hukifuata, chuma hicho cha tani 25 hubebwa kwa mkono mmoja, na watu wake 6 hawafiki kimo cha sentimita 5.

Wako wasemao kuwa mchezo huu hufundisha ukatili. Wengine hujibu kuwa mkono upakao gundi haumwui mtu. Wote wamesema nusu ya neno. Ubaya haumo katika kuunda. Umo katika kuunda bila kuuliza. Muundaji mwaminifu huona kuwa mzinga huu hauna paa. Akiuliza sababu, atajua kuwa watu 6 walifanya kazi humo mbingu ikiwa wazi juu yao, mvua na vipande vya makombora vikiwaangukia. Akiuliza maana ya jina, ataambiwa kuwa ni mtumishi wa kanisa, ambaye kazi yake mojawapo ni kuchimba makaburi. Hapo usahihi wa mkono humfikisha kwenye usahihi wa moyo.

Asiyeuliza hupunguza mambo mawili kwa kipimo kimoja: chuma na uchungu. Kupunguza chuma ni ufundi. Kupunguza uchungu ni udanganyifu. Gilgil, si mbali na Nakuru, yako makaburi ya askari wa vita hivyo. Na huko Taukkyan, katika nchi ya Burma, nguzo za mawe zimeandikwa majina ya watu wapatao 27,000 wasio na kaburi lijulikanalo. Miongoni mwao wamo askari wa Afrika Mashariki, ambao wenzao walishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944. Majina hayo hayapunguzwi. Kila aliyekufa alikuwa mtu mzima, na nyumba iliyomngoja ilimngoja kwa ukubwa wake wote.

Basi kijana na aunde. Apime, akate, apake rangi. Lakini siku atakapouweka mzinga wake mezani, mdogo wake akimwuliza, "Hiki hufanya nini?", amjibu kweli.