Kamanda Eck na Alama Isiyofutika

Heinz-Wilhelm Eck alizaliwa Hamburg mwaka 1916, akajiunga na jeshi la majini la Ujerumani mwaka 1934. Alitumikia kwanza meli za kutegua mabomu ya baharini, kisha mwaka 1942 akahamia kwenye nyambizi. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 27, alikabidhiwa nyambizi mpya iliyoitwa U-852. Novemba 1945 alisimamishwa mbele ya kikosi cha Waingereza akapigwa risasi kama mhalifu wa vita. Kilichomfikisha pale ni kazi ya usiku mmoja. Inafaa tuutazame usiku huo bila haraka, kwa kuwa mtu hahitaji kuzaliwa zimwi ndipo atende alichotenda Eck. Inatosha awe na woga, awe na mamlaka, na akose wa kumzuia.

Woga huo ulikuwa na sababu. Kabla hajaondoka, Eck alipewa maelekezo na Adalbert Schnee, kamanda mzoefu aliyekuwa makao makuu ya nyambizi. Schnee alimweleza kwamba nyambizi za aina ya U-852 ni kubwa na nzito, zinachelewa kuzama zikishtukiwa na ndege, na kwamba nyingine za aina hiyo zilikuwa zimepotea katika Atlantiki ya Kusini. Alimwonya ajihadhari na kuacha alama, kwa maana mabaki ya meli yakionekana yakielea, ndege za adui zingejua mara moja kuwa mwindaji yuko karibu. Eck aliondoka Kiel Januari 1944 akiwa na onyo hilo moyoni, safari yake ikiwa ni kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi.

Tarehe 13 Machi 1944, katikati ya Atlantiki, aliiona meli ya mizigo ya Kigiriki iliyoitwa Peleus. Ilikuwa imekodiwa na serikali ya Uingereza na ilikuwa na watu 35. Usiku ulipoingia aliipiga kwa torpedo mbili, nayo ikazama kwa dakika chache. Mpaka hapo Eck alikuwa ametenda lile ambalo makamanda wa pande zote mbili walikuwa wakilitenda tangu vita vianze. Lililofuata halikuwa vita tena.

Mabaharia waliosalimika walikuwa wameshikilia vyelezo na mbao katika giza. Nyambizi ilisogea, ofisa mmoja na mwenzake wakaitwa, wakahojiwa jina la meli na mwendo wake, kisha wakarudishwa kwenye vyelezo. Ndipo Eck alipoamuru mabaki yote yazamishwe. Rashasha zikafunguliwa, mabomu ya mkono yakarushwa. Baadaye alidai kwamba alilenga mbao na si watu, lakini alikiri kuwa alijua bila vyelezo vile watu wale hawatapona. Miongoni mwa waliofyatua walikuwamo ofisa kijana August Hoffmann na Walter Weisspfennig, daktari wa nyambizi, mtu aliyepaswa kuwa wa mwisho kabisa kuigusa silaha usiku ule.

Alikuwapo mmoja aliyepinga. Hans Lenz, fundi mkuu wa mitambo, alimwambia kamanda waziwazi kuwa hakubaliani na amri ile. Kamanda hakumsikiliza, na Lenz akashuka kwenye mitambo yake. Baadaye alirudi juu, akamkuta baharia Wolfgang Schwender amekamata silaha. Lenz akamnyang'anya, akafyatua yeye mwenyewe. Mahakamani alieleza kwamba hakutaka binadamu auawe kwa risasi za baharia aliyemwona kuwa mtu duni. Basi ulimi wake ulikataa dhambi, na mkono wake ukaitenda.

Walikaa pale kiasi cha saa tano. Walipoondoka, unyonge ulikuwa umewaingia mabaharia, na Eck alilazimika kuzungumza nao kwa kipaza sauti. Aliwaambia kwamba wakizidiwa na huruma, wawakumbuke wake na watoto wao wanaokufa kwa mabomu ya ndege huko nyumbani. Hiyo ndiyo hoja ya kila mtu anayetaka kumwadhibu asiyehusika: machungu yake ni ya kweli, ila anayatua kwenye mgongo wa mwingine.

La kuvunda halina ubani. Vyelezo havikuzama vyote. Wanaume wanne walikuwa hai, miongoni mwao ofisa mkuu Antonios Liossis, aliyejeruhiwa kwa bomu la mkono. Mmoja alifariki kwa majeraha baada ya siku nyingi za mateso. Watatu walielea zaidi ya wiki tano mpaka meli ya Kireno ilipowaokota, wakasimulia yote. Eck alikuwa amejaribu kuzima ushahidi, na badala yake akaacha mashahidi wenye makovu.

Naye hakufika mbali. Mwanzoni mwa Mei 1944 ndege za Waingereza kutoka Aden ziliikuta U-852 karibu na pwani ya Somalia, zikaijeruhi hata isiweze kuzama chini tena. Akaipandisha ufukweni karibu na Bandar Beyla ili awaokoe watu wake. Saba walikufa, na waliobaki wakakamatwa na wanamaji wa Uingereza wakisaidiana na Kikosi cha Ngamia cha Somaliland. Ndani ya nyambizi iliyopwelewa Waingereza walilipata daftari la safari, na humo imeandikwa habari ya kuzamishwa kwa Peleus. Aliyetaka kufuta kila ubao baharini hakuiteketeza karatasi iliyokuwa ndani ya nyambizi yake.

Kesi ilisikilizwa Hamburg, mji aliozaliwa, Oktoba 1945. Eck hakujificha nyuma ya wakubwa. Alisema hakupewa na yeyote amri ya kuua manusura, na kwamba amri ilikuwa yake. Alijitetea kwa hoja ya ulazima: ilimbidi ailinde nyambizi yake. Hoja hiyo ilivunjwa na zile saa tano. Kama alihofia ndege, mbona hakukimbia usiku uleule kwa kasi yote? Rashasha isingeweza kufuta mafuta yaliyotanda majini, na kila dakika aliyoikaa pale ilimzidishia hatari aliyodai kuikimbia. Schnee mwenyewe, aliyeitwa kumtetea, alipobanwa alikiri kuwa yeye asingefanya vile.

Wenzake walijitetea kwa amri ya mkubwa. Mahakama ilikumbushwa kesi ya meli ya hospitali Llandovery Castle: mwaka 1921, huko Leipzig, majaji Wajerumani walikuwa wamekwisha kuamua kwamba amri ya wazi ya kuua manusura haimwokoi anayeitii. Eck, Hoffmann na Weisspfennig walihukumiwa kifo, Lenz kifungo cha maisha, na Schwender miaka 15. Watatu wa kwanza waliuawa tarehe 30 Novemba 1945.

Asiseme mtu kwamba vita havikumwachia Eck njia nyingine. Septemba 1942, katika Atlantiki hiyohiyo, Werner Hartenstein wa U-156 aliizamisha meli ya Laconia. Aliposikia vilio majini alianza kuokoa, akatangaza redioni kwa lugha ya wazi mahali alipo ili meli yoyote ije kusaidia, akatandika kitambaa chenye msalaba mwekundu. Ndege ya Kimarekani ilimshambulia hata hivyo, na Dönitz, mkuu wa nyambizi, akapiga marufuku uokoaji wa namna ile. Lakini watu zaidi ya elfu moja walipona. Hartenstein naye alikufa vitani mwaka 1943. Wote wawili vita viliwameza, ila mmoja ameacha watu waliokuja kumshukuru.

Funzo la kwanza ni la wenye madaraka. Onyo la Schnee lilikuwa la busara. Eck aliligeuza kuwa ruhusa. Hofu ikiachwa ishike usukani, hutafuta jina zuri: usalama, ulazima, maslahi ya wengi. Ukijikuta unahitaji neno kubwa ili kuhalalisha kumdhuru mtu aliye chini yako na asiyeweza kukudhuru, simama hapohapo.

La pili ni la walio chini, na ndio wengi wetu. Lenz alijua haki, akaitamka, na bado alifungwa, kwa kuwa kupinga kwake kuliishia kinywani. Askari anayeamriwa kumpiga mtu aliyekwisha kufungwa pingu, karani anayeamriwa kusaini hesabu za uongo, wote watasikia siku moja kwamba mkubwa amesema. Mkubwa atajibu kwa lake. Kidole kilichofyatua na kalamu iliyosaini vina mwenyewe, naye ataulizwa kwa jina lake. Ukikataa, kataa na mkono.